Kabla Hujaonja Hiyo "Nyama ya Swala", Soma Hii

Wasee, nianze na kosa langu mwenyewe. Desemba iliyopita nilikuwa ushago upande wa Homa Bay. Binamu yangu akaja jioni na nyama imefungwa kwa gazeti. "Omera, onja. Ni ya swala hii." Nikala. Mbaya zaidi, nikairekodi, nikaweka alama ya moto, nikapost. Ilitazamwa kuliko video zangu zote za mwezi huo.

Asubuhi dani akaniuliza swali moja tu: "Na unajua ni mnyama gani umekula?" Nikasema swala. Akacheka, si ile ya furaha. "Swala ni jina la watu wa mjini. Babu yako angekuambia ni yupi, alikunywa maji wapi, na kama alikuwa na mtoto." Nikafuta video. Hii post ni jibu langu kwa dani, nimechelewa miezi kadhaa.

Kwanza turekebishe jina. Wengi wetu tukiona mnyama ana pembe tunasema "dia", kama kwa video za wawindaji wa Marekani. Dia hana kwao hapa. Yule huangusha pembe zake kila mwaka na kuota zingine. Swala wetu hubaki na pembe zile zile maisha yake yote. Kusini ya Sahara hakuna dia wa asili hata mmoja. Tulio nao huku ni pongo, tohe, taya, nyamera, kongoni, swala pala. Na korongo. Huyo wa mwisho mshike akilini.

Sasa historia. Watu wanadhani historia ya uwindaji iko kwa vitabu vya Wazungu wenye kofia. Ya kwetu ni ya zamani mno. Pale Kanjera, kwenye rasi ya Homa, wachimbaji wamepata mifupa ya swala wadogo yenye alama za kukatwa kwa mawe, ya miaka kama milioni 2 iliyopita. Soma tena: milioni 2. Hawakuwa hata watu kama sisi, lakini walipata mnyama akiwa mzima, kabla fisi hajamaliza, na wakambeba hadi mahali pa kumkata. Mawe mengine ya kukatia yalitolewa kilomita kadhaa kutoka hapo. Hiyo inamaanisha kulikuwa na mpango. Mtu habebi jiwe umbali huo kwa bahati.

Kwa hivyo ukiniambia kuwinda si utamaduni wetu, nitakukatalia. Kwa Dholuo mwindaji ni jadwar, na lilikuwa jina la heshima. Lakini nilipomkalisha dani chini anieleze babu alikuwa anafanya nini hasa, nilishangaa. Kurusha mkuki kulichukua sehemu ndogo sana ya hadithi. Karibu yote ilikuwa ni kukaa kimya na kuangalia.

Pongo, alisema, hutembea peke yake, na anatoka kichakani alfajiri na magharibi. Akikushtukia anabweka kama mbwa. Tohe anajilaza kwa nyasi mpaka umkaribie kabisa, ndipo anaruka na kupiga mluzi. Nyamera anapanda juu ya kichuguu asimame kama askari wa benki. Na wote wanaskia harufu, kwa hivyo babu aliokota vumbi, akaliachia, akaona upepo unaenda wapi kabla hajapiga hatua. Jike mwenye mtoto aliachwa. Si kwa huruma tu. Ukimmaliza mama leo, mwakani utawinda nini?

Halafu mkoloni akaja na makaratasi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, ametoka tu kuwa rais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama zaidi ya 500, wengi wakapelekwa makumbusho. Hiyo iliitwa safari. Mwafrika aliyeua mmoja bila leseni, leseni ambayo hangeweza kununua, aliitwa jangili. Hasira ya wazee kuhusu "wanyama wa serikali" ilianzia hapo, na siwezi kusema walikosea.

Lakini bonde la Lambwe lilikuwa na mlinzi mwingine, na hakuvaa sare: mbung'o. Huyu nzi alileta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mwaka 1958 Heisch na wenzake walitangaza kwamba wamepata vimelea vya malale ndani ya damu ya pongo aliyetoka Nyanza hapa hapa. Yaani mnyama mwenyewe haumwi, lakini anabeba ugonjwa unaoua mtu. Watu wakaogopa kulima na kufuga bondeni, na kwa sababu hiyo nyasi ndefu zikabaki, na wanyama wakabaki nazo. Mwaka 1966 likawa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 likawa mbuga ya taifa, Ruma, kilomita 120 za mraba. Katikati, mwaka 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa leseni. Sasa tajiri na maskini wote walikuwa jangili.

Sasa rudi kwa korongo. Ni mkubwa, karibu saizi ya farasi, uso mweusi na mweupe kama amevaa kinyago, masikio marefu. Kenya nzima, porini, amebaki Ruma peke yake. Wengine waliwahi kuhamishiwa Shimba Hills kule Kwale, hawapo tena. Miaka ya 1970 Lambwe ilikuwa na zaidi ya 200. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu 15. Darasa lako la Form Two lilikuwa na watu wengi kuliko hao.

Na hapa ndipo tabia ya mnyama inakuwa muhimu. Mama korongo akizaa anamficha mtoto kwa nyasi siku nyingi, anaenda kula mbali, anarudi kumnyonyesha. Kila siku anapita njia hiyo. Mtu akitega waya kwenye njia hiyo akitafuta taya au tohe wa kuuza, waya haujui tofauti. Hauangalii kama ni jike. Hauangalii kama kuna mtoto anangoja. Babu aliangalia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya jadwar na mtu wa waya, na ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia "tunafuata mila" ananikera. Mila ilikuwa na macho.

Najua kuna watakaosema, "Wewe unakula chipo mjini Migori, unatuhubiria sisi wenye njaa." Fair. Mfuko wa familia nyingi karibu na ua wa mbuga hauna kitu, na fisi akimaliza mbuzi wako, fidia ni ya kungoja na kungoja. Hilo lazima serikali ilisikie. Lakini ile nyama niliyokula haikuwa ya njaa. Ilinunuliwa. Binamu yangu aliipata kwa mtu anayeuza kwa kilo, kisiri, na hakuna daktari wa mifugo aliyeipima. Na sheria ya 2013 inasema hata kuwinda kwa ajili ya kula tu ni kosa. Kuuza ni kubwa zaidi.

Mwezi uliopita nilimchukua huyo binamu tukaingia Ruma asubuhi mapema. Nilimwambia afanye kama babu: vumbi, upepo, kimya. Jamaa ana jicho, manze. Alimwona tohe kabla hata mlinzi wa mbuga hajamwona. Akanionyesha nyayo, akaniambia zipi ni za usiku. Tuliona nyamera juu ya kichuguu, twiga, kongoni. Korongo hatukumwona. Tulingoja mpaka jua likawa kali, tukatoka.

Kwa gari akaniuliza, "Hivi hawa watu wa mbuga huandika kazi vijana wa huku?" Nikamwambia tuulize. Tumeulizia. Tunangoja jibu.

Dani, sijui ilikuwa nyama ya mnyama gani. Hilo ndilo linaniuma. Na wewe unayesoma, ukiletewa ya gazeti usiku, uliza hilo swali kabla ya kuonja. Kama muuzaji hana jibu, rudisha.