Duka, supamaketi na mfuko wako: bei rahisi ilitoka wapi?

Swali la nani ana bei nafuu, supamaketi au duka la mtaani, linagawa nyumba nyingi za kwetu hapa Uingereza. Mama anataka mchele ununuliwe kwa Mhindi. Wewe una kadi ya pointi kwenye simu na huoni safari yote hiyo ya nini. Kusema kweli nyote wawili mko sawa, ila kwa bidhaa tofauti, na sababu yake iko kwenye historia. Tena historia yenyewe sisi watu wa Afrika Mashariki tumo ndani kuliko unavyodhani.

Tuanze na neno lenyewe. Duka limetoka kwenye Kiarabu, dukkan, na Wahindi nao wana dukan yao. Kule kwetu mwenye duka Mhindi akaitwa dukawala. Anayejulikana zaidi ni Allidina Visram, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki kutoka Kutch akiwa bado mtoto, miaka ya 1860. Alianza kazi Bagamoyo, kisha akafungua maduka kufuata njia za misafara, na baadaye kufuata reli ya Uganda iliyofika Kisumu mwaka 1901. Duka la aina hiyo lilikuwa na chumvi, sukari, vitambaa, mafuta ya taa na daftari la mikopo. Watu walilitegemea, na watu hao hao walimlalamikia mwenyewe: bei zake, mizani yake, madeni yake. Hisia hizo mbili zilikaa pamoja kwa miaka mingi.

Huku Uingereza nako watu walikuwa wakilalamika hivyo hivyo. Karne ya 19 muuza unga aliweza kuchanganya chaki ndani ya unga, na maskini hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1844, kwenye mji wa Rochdale, wafanyakazi 28 walichanga pesa wakafungua duka lao Toad Lane, wakauza siagi, sukari, unga na mishumaa. Hakuna kuchanganya, hakuna kupunja, na faida iligawiwa kwa wanachama kulingana na walivyonunua. Ushirika wa vyakula ulisambaa nchi nzima kutoka hapo. Kadi yako ya pointi ni kama mjukuu wa wazo hilo, ila kuna tofauti moja kubwa: pale Rochdale mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye duka.

Mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili, kununua chakula hapa kulikuwa kama kununua kijijini. Unasimama kwenye kaunta, mtu anakupimia, anakufungia, unalipa. Marekani walishaanza kitu kingine: mwaka 1916, Memphis, Clarence Saunders alifungua Piggly Wiggly, mteja akaingia na kujichukulia mwenyewe. Hapa mtindo huo ulishika kasi kuanzia mwaka 1948. Fikiria maana yake. Kazi ya kutafuta na kubeba ilihamia kwa mteja, na mshahara wa yule wa kaunta ukatoka kwenye hesabu. Sehemu ya bei rahisi ya supamaketi ni kazi unayoifanya wewe bila malipo. Siku hizi hata kuskani unaskani mwenyewe.

Lakini bado kulikuwa na kizuizi. Mtengenezaji wa bidhaa aliweza kupanga bei ya rejareja, na duka likiuza chini ya hapo linakatiwa mzigo. Duka kubwa na duka dogo, bei ile ile. Jack Cohen, aliyeanza na meza ya kuuza vyakula Hackney mwaka 1919 na kuijenga Tesco, alipigana sana na utaratibu huo. Kwenye vyakula ulikuwa umeshaanza kulegea, lakini aliyeuvunja kisheria ni waziri Edward Heath, mwaka 1964. Wabunge wa chama chake mwenyewe walimpinga, maana walijua wenye maduka madogo wataumia. Kuna kura moja bungeni aliyoshinda kwa tofauti ya mtu mmoja tu. Kuanzia hapo anayenunua mzigo mkubwa anapata punguzo kubwa, na ana ruhusa ya kukuonyesha punguzo hilo kwenye bei. Maduka madogo yakaanza kufungwa, wazee Waingereza wakaziacha kaunta zao.

Sasa sikiliza hii. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Waziri mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa nani? Edward Heath huyo huyo. Zaidi ya watu 27,000 waliingia nchini, wengi wakiwa wameacha kila kitu nyuma. Halmashauri ya Leicester ililipa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Wakaja. Kenya na Tanzania pia walitoka wengi, kabla na baada ya hapo. Na baadhi yao wakachukua maduka yale ambayo Waingereza walikuwa wanayakimbia. Kwa hiyo mtu aliyefungua njia ya kuyaua maduka madogo ndiye aliyewapokea waliokuja kuyafufua. Hakupanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyotokea.

Waliishije kama bei hawaziwezi? Kwa saa. Sheria ilibana biashara ya Jumapili, na maduka makubwa yalikuwa yanafunga. Hata sheria mpya ya mwaka 1994, England na Wales, iliyaruhusu maduka yanayozidi mita za mraba 280 kufungua saa sita tu Jumapili. Duka dogo likabaki huru. Mke, mume, watoto wakitoka shule, wote nyuma ya kaunta asubuhi hadi usiku. Uzuri wake tunausifu, lakini tuseme na upande wa pili: wengi wa watoto hao hawakulipwa, na mzazi hakuwa na likizo. Nafuu uliyoipata pale saa nne usiku kuna mtu aliilipia.

Njia ya pili ilikuwa bidhaa zenyewe. Pathak, aliyetoka Kenya na kufika London mwaka 1956, alianza na sambusa na vitamutamu vya kupika nyumbani. Ndiyo Patak's unayoiona leo. Familia ya Thakrar kutoka Uganda iliijenga Tilda, mchele wa basmati ukaenea nchini. Leo vyote viko supamaketi. Ila angalia vilivyowekwa: kichupa kidogo cha bizari, pakiti ndogo ya dengu, kwenye rafu ya "vyakula vya dunia". Supamaketi huuza bizari kwa mtu anayepika pilau mara mbili kwa mwaka. Duka la mtaani huuza kwa anayepika kila Ijumaa, na gunia la mchele la kilo 20 linatoka haraka. Huo mzunguko ndio unaoshusha bei, kanuni ile ile iliyoipa nguvu Tesco, ila safari hii iko upande wa mama yako.

Basi kwa mfuko wako, historia inakwambia nini?

Maziwa, mkate, sabuni, pasta: hapo nguvu ya kununua kwa wingi inashinda, nenda supamaketi kubwa, au Aldi na Lidl walioingia nchini miaka ya 1990. Mchele, viungo, maharage, unga wa mahindi, mihogo, ndizi za kupika, kotimiri kwa fungu: duka la mtaani mara nyingi linashinda. Tawi dogo la supamaketi karibu na stesheni si supamaketi kwa bei. Mara nyingi bidhaa ile ile ni ghali kuliko kwenye tawi kubwa. Pale unalipia saa na ukaribu, kama ulivyokuwa unamlipa dukawala.

Na piga hesabu kwa kilo. Kanuni za mwaka 2004 ziliyalazimu maduka makubwa kuandika bei kwa kilo au kwa gramu 100 kwenye lebo, zikayasamehe madogo, kipimo kikiwa zile zile mita 280. Kwa hiyo kwa Mhindi, toa simu ugawanye mwenyewe. Si kumvunjia heshima mwenye duka. Wazazi wake walikuwa na mizani kwenye kaunta, na bibi zetu walikuwa wanaitazama kwa makini.

Jambo la mwisho. Duka la mtaani likifungwa, supamaketi haitaleta gunia la kilo 20 kwa ajili yako. Itakuletea kichupa. Ukinunua mchele pale unaokoa pesa leo, na unasaidia duka liwepo ili uendelee kuokoa kesho.