Marumaru

Dukani Dar es Salaam, anayeulizia marumaru huonyeshwa vigae vya sakafuni. Matumizi hayo yamezoeleka, lakini yanalipunja neno. Marumaru, kutoka Kiarabu *marmar*, ni jiwe: chokaa iliyogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini.

Jiwe hilo ndilo alilochonga Michel Colombe kati ya 1502 na 1507, malkia Anne wa Bretagne alipoagiza kaburi la wazazi wake, François wa Pili na Marguerite. Limo katika kanisa kuu la Nantes, Ufaransa. Sanamu zao zimelala chali, viganja vimekutana kwa sala. Miguuni pa mume yupo simba, pa mke mbwa wa mawindo. Pembeni, sanamu ya Busara ina nyuso mbili: mbele mwanamwali aliyeshika kioo, kisogoni mzee wa ndevu ndefu.

Marumaru tuliachie jiwe; vigae vina jina lao, tena zuri.