Kamera za usalama shuleni: Panapofaa na pasipofaa

KAMERA za usalama si kitu kigeni tena katika shule na vyuo vya humu nchini. Wauzaji wake ni wengi, na bei imeshuka kiasi cha kuziwezesha hata shule za mashinani kununua mbili tatu. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni mahali pa kuzitundika. Si ajabu kupata kamera ya kwanza imeelekezwa kwenye mlango wa afisi ya mwalimu mkuu na ya pili kwenye chumba cha walimu, ilhali lango la nyuma, linalopitishiwa pombe na petroli, limeachwa gizani.

Katika shule za malazi, suala hili huanzia na kuishia kwenye bweni. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2017, wasichana 10 walifariki katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024, wavulana 21 waliangamia katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mikasa ya aina hii inapotokea, hakukosi wanaotaka kamera zifungwe ndani ya mabweni, juu ya vitanda.

Uchungu unaozaa pendekezo hilo unaeleweka, lakini pendekezo lenyewe ni baya. Bweni ndipo mtoto anapovulia nguo na kulala, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinamlinda yeye kama kinavyomlinda mtu mzima. Hata tukiiweka sheria kando, kamera ya darini haifai kitu moto unapozuka. Moshi hupanda juu, kwa hivyo jicho la kwanza kupofushwa ni hilo lililotundikwa huko. Kifaa kinachostahili kuwa ndani ya bweni ni king'ora cha moshi, ambacho hulia na kuwaamsha waliolala. Isitoshe, vijana wa Kyanguli hawakufa kwa kukosa kupigwa picha. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Shule ambayo haijatimiza hayo haina haja ya kukimbilia kamera.

Nje ya bweni mambo ni tofauti. Kamera inayotazama kila mlango kutoka upande wa nje huonyesha aliyeingia, aliyetoka, saa ngapi na akiwa amebeba nini. Shule inayofunga mabweni wakati wa masomo hurahisishiwa kazi zaidi, kwani yeyote atakayeonekana pale saa nne asubuhi atatakiwa kujieleza. Ujia unaoelekea bafuni unaweza kutazamwa, ila kamera isielekezwe mahali ambapo mlango ukifunguliwa yaliyo ndani yataonekana. Vyoo, bafu, vyumba vya kubadilishia mavazi, zahanati na chumba cha ushauri nasaha havina mjadala. Humo kamera ni marufuku.

Langoni ndipo makosa ya ufundi hufanyika kwa wingi. Kamera hupandishwa juu ya mlingoti ili isiibwe, kisha ikawa inanasa kofia na visogo vya watu. Ya kutambua sura haifai kupanda sana. Mita mbili na nusu hivi kutoka ardhini zinatosha. Tena isikabili jua. Katika nchi iliyo kwenye ikweta, kamera inayotazama mashariki hupofuka asubuhi, saa zile zile ambazo wanafunzi wa kutwa na walimu wanaingia. Iwekwe kando, ilitazame lango kwa mshazari. Nambari za magari zinahitaji kamera yake, iliyo chini kidogo na inayostahimili mwangaza wa taa za gari usiku. Kamera moja pana ikitakiwa kufanya kazi zote hizo haitaifanya hata moja vizuri.

Ua wa shule ni mrefu na pesa ni chache. Badala ya kuuzungushia kamera, bawabu aulizwe ni wapi seng'enge hukatwa kila muhula, maana yeye anajua, na wanafunzi wanajua zaidi. Waya wa kawaida wa mtandao una kikomo cha mita 100, hivyo kona za mbali zitahitaji kifaa cha kuongezea nguvu njiani au waya wa aina nyingine. Kamera za usiku nazo huvutia wadudu, na buibui hawachelewi kutanda utando mbele ya kioo. Asipokuwepo wa kuzipangusa, baada ya muda zitaonyesha ukungu mtupu.

Kisha kuna sehemu zisizotajwa sana: mlango wa stoo ya kemikali za maabara, mahali yanapohifadhiwa mafuta ya jenereta na ya mashine ya kukatia nyasi, na ghala la chakula.

Vyuo vikuu vina shida yake. Maelfu ya watu huingia na kutoka, hivyo milango ya mabweni, maktaba, maegesho na njia zenye giza baina ya majengo ndizo za kutangulizwa. Katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, magaidi waliwapiga risasi walinzi wa langoni alfajiri kabla ya kuelekea kwenye mabweni. Kwa hivyo skrini isiwe langoni pekee. Lazima kuwe na chumba kingine, mbali na hapo, chenye mtu aliye macho usiku kucha na anayejua nambari ya kupiga.

Mashine inayohifadhi picha nayo ifungiwe penye betri ya kuhimili umeme unapopotea, na nakala iwekwe jengo tofauti, maana afisi pia huungua.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na kanuni za 2021 zinataja uendeshaji wa kamera za usalama kati ya shughuli zinazomlazimu mhusika kujisajili. Mnamo 2023, shule moja ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida tu. Bodi ya shule yafaa iandike mapema ni nani anaruhusiwa kutazama rekodi, zinafutwa baada ya siku ngapi, na ibandike ilani langoni ili kila anayeingia ajue kwamba anatazamwa.