Mtoto wa Mulago Aliyeifanya Dunia Iielewe Saratani

Mtaani ukisikia fulani kapata saratani, maelezo huwa ni yale yale: karogwa, au siku zake zilishapangwa. Mwingine ataongeza kwamba ni ugonjwa wa wazungu, umeletwa na chipsi na soda. Lakini moja ya hatua kubwa kabisa za kuielewa saratani ilianzia hapa hapa Afrika Mashariki, jijini Kampala, na walioianzisha ni watoto.

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, daktari mmoja wa upasuaji aliitwa na mwenzake amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Mtoto alikuwa amevimba taya zote mbili, ya juu na ya chini, kulia na kushoto. Daktari huyo, mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja akiwa bado mdogo, hakuelewa anachokiona. Jipu halitoki pande nne kwa mpigo. Na saratani, kwa walivyoijua wakati ule, nayo haikuwa na tabia hiyo.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, kama kilometa 80 kutoka Kampala. Akachungulia dirishani, akaona mtoto mwingine amekaa kwenye majani na mama yake, uso umevimba vile vile. Hapo akashtuka. Mtoto mmoja ni ajabu, wawili ni ugonjwa. Akamfuata, akampima, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Aliporudi Mulago akafukua mafaili ya zamani, na kumbe watoto wa namna ile walikuwepo kibao! Ila kila mmoja aliandikiwa la kwake: huyu taya, yule figo, mwingine jicho. Hakuna aliyekuwa amewaunganisha. Mwaka 1958 akaandika kuhusu uvimbe ule kwenye jarida la madaktari wa Uingereza.

Swali likabaki: unatoka wapi? Akasambaza picha na maswali kwenye hospitali za Afrika, majibu akayaweka kwenye ramani. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari la mtumba la pauni 250, wakaendesha wiki 10, karibu kilometa 16,000, mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakipitia hospitali zaidi ya 50. Picha ikajitokeza yenyewe. Kwenye joto na mvua, kama kandokando ya Ziwa Victoria, ugonjwa upo. Ukipanda nyanda za juu zenye baridi, haupo. Ramani ile ilifanana mno na ramani ya malaria.

Miezi michache kabla ya safari hiyo alikuwa ametoa mhadhara London, na kwenye viti alikaa mtafiti kijana wa virusi. Jamaa alisikiliza akahisi kitu: hapa pana kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Zaidi ya miaka 2 wakaambulia patupu.

Desemba 1963 ndege moja ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kichupa kilichokuwemo, chenye kipande cha uvimbe wa binti wa miaka 9 kutoka Uganda, kikafika kimechelewa na maji yake yamechafuka. Mwingine angesema kimeoza akakitupa. Wao wakakitazama kwa hadubini, wakakuta seli hai zinaelea. Wakazikuza, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi walichokiona ndani yake: cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ugonjwa ukaitwa limfoma ya Burkitt, kwa jina la daktari. Kirusi kikapewa majina ya watafiti wawili wa London. Ugonjwa wala kirusi havikupewa jina la mtoto wa Mulago, la mtoto wa Jinja wala la binti wa miaka 9.

Sasa, kirusi hicho wanacho zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani, na karibu wote hawapati saratani hiyo. Kwa watoto wale ilibidi na malaria ya mara kwa mara iwepo, idhoofishe ulinzi wa mwili, mpaka seli moja ipoteze breki na kuanza kuzaliana ovyo. Saratani ni kama sufuria jikoni: mara nyingi haikai kwenye figa moja. Kupunguza hatari ndiyo kuondoa mafiga unayoweza.

Chandarua ni figa mojawapo limeondoka. Chanjo ya homa ya ini B anayopewa mtoto mchanga inamkinga na saratani ya ini. Sigara ukiiacha leo, mapafu yanaanza kupata nafuu hata kama umevuta miaka. Pombe nayo imo, kadiri inavyopungua ndivyo hatari inavyopungua, na unene uliopitiliza vile vile. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 30 na 50 ya saratani zinaweza kuzuilika. Zinazobaki humpata hata aliyejitunza, kwa hiyo mgonjwa si wa kunyooshewa kidole.

Na baada ya kile kichupa, wanasayansi wakaendelea kusaka virusi vingine. Mwaka 1983 kikapatikana kimoja cha jamii ya HPV kwenye saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2006 chanjo yake ikaanza kutumika. Rwanda iliianza kitaifa 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Kwa waliokwisha kuwa watu wazima upo uchunguzi wa kupaka siki, wa dakika chache, unaoona mabadiliko kabla hayajawa saratani.

Lakini bado wapo wazazi wanaowaficha mabinti siku ya chanjo, eti inaharibu uzazi. Uzushi. Kinachoharibu uzazi, na kuua, ni saratani yenyewe. Umri unaopendekezwa kwa chanjo hiyo ni miaka 9 hadi 14. Binti wa kile kichupa alikuwa na miaka 9, na wakati wake hapakuwa na chanjo ya kumficha.