Nyota Zilizozeeka na Sayari Zake

Wasikilizaji wetu wa pwani wajua tangu utoto kwamba mwezi ndio uvutao bahari, maji yakajaa na kupwa. Lakini maji hayo nayo huugeuza mwendo wa mwezi. Mwaka 1879 Mwingereza George Darwin, mwana wa yule Charles Darwin mashuhuri, aliipigia hesabu habari hii. Dunia hujizungusha upesi kuliko mwezi unavyoizunguka. Kwa hiyo maji yaliyoinuka kama tuta hutangulia mbele ya mwezi, yakauvuta mbele, nao ukazidi kwenda mbali. Vioo vilivyoachwa mwezini tangu mwaka 1969 vimetuonyesha kwamba husogea kiasi cha sentimita 3.8 kila mwaka.

Katika nyota zilizozeeka mambo hupinduka. Nyota ikiishiwa na hidrojeni moyoni mwake hufura, na kwa kufura hupunguza mzunguko wake, kama mtu ajizungushaye akinyosha mikono. Sayari iliyo karibu sasa yaenda upesi kuliko nyota ijizungushavyo. Basi lile tuta, ambalo huku ni la hewa ya moto, hubaki nyuma ya sayari na kuivuta irudi. Sayari hupungukiwa na mwendo wake, ikashuka. Na kadiri ishukavyo ndivyo mvuto uzidivyo. Kipenyo cha nyota kikiongezeka mara 2, mengine yakibaki vilevile, nguvu hiyo huwa mara 32!

Mwaka 2022 wataalamu walitangaza habari za sayari iitwayo Kepler-1658b, ambayo nyota yake imeanza kuzeeka. Huizunguka kwa siku zisizotimia 4, na muda huo hupungua kila mwaka kwa sehemu 131 katika elfu za sekunde moja. Ilihitaji miaka 13 ya kutazama ili kuujua upungufu mdogo hivyo.

Na dunia yetu je? Jua litakapofura litapoteza uzito mwingi, na kwa hiyo dunia italegezewa kamba isogee mbali. Wako waliotumaini kwamba itaokoka. Lakini mwaka 2008 Klaus-Peter Schröder na Robert Smith walilitia tuta hilo katika hesabu, wakaona kwamba dunia itamezwa, baada ya miaka kama milioni 7,600. Wengine wangali wakibishana juu ya uzito utakaopotea. Hata hivyo, muda mrefu kabla ya siku hiyo bahari zitakuwa zimekwisha kukauka kwa joto, pasiwe na maji ya kujaa wala kupwa.