Malezi ya Mahusiano yenye Heshima katika Shule za Sekondari

Kwa jina la malezi ya mahusiano tunamaanisha mafundisho yanayomsaidia kijana kumpenda mwenzake pasipo kumtawala, kukataa bila hofu, kukataliwa bila kulipiza kisasi, na kutafuta msaada anapodhulumiwa. Katika parokia zetu mafundisho hayo hutolewa, pale yanapotolewa, katika kipindi cha dini na katika mikutano ya TYCS. Makala haya yanaeleza msingi wake katika imani na katika sheria za nchi, na yanataja pia mahali yanapokwama.

Tuchukue Lembeni kuwa mfano. Mji huu mdogo uko tambarare, chini ya milima ya Upare wa Kaskazini, katika wilaya ya Mwanga, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na reli itokayo Tanga. Katika mazingira ya namna hii mwanafunzi anayetoka milimani au vijiji vya mbali vya nyikani huwa na njia ndefu, na wengine hulazimika kupanga chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto, wakijipikia wenyewe wakiwa na umri wa miaka 15 au 16. Dereva wa bodaboda anayempandisha bure wiki nzima, mwenye duka anayemkopesha unga na sabuni, mwenye nyumba anayesogeza mbele siku ya kodi: kila mmoja wao aweza kuwa mtu mwema, na kila mmoja aweza siku moja kudai malipo. Binti ambaye hajafundishwa tofauti kati ya fadhila na deni atadhani kwamba anadaiwa kweli.

Jamii imekwisha kumpa jina mtu mzima wa aina hiyo, fataki, nalo lilienezwa sana na matangazo ya redio. Hofu yetu ni kwamba jina hilo limetuzoeza kumtazama mzee mwenye gari peke yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Miongoni mwa watendaji waliotajwa walikuwamo majirani na wapenzi wao wenyewe, yaani watu wanaofahamika.

Andiko tunalolitumia zaidi darasani ni sura ya 13 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Haisomwi katika Misa za Dominika, hivyo Mkristo aweza kufika uzee bila kuisikia, na tukiri kwamba mapadre wengi, nasi tukiwamo, tumeikwepa kwa miaka mingi. Amnoni, mwana wa Daudi, anasemwa kuwa anampenda Tamari, dada yake kwa baba, hata anakonda. Rafiki yake Yonadabu anampa shauri la kujifanya mgonjwa. Tamari anatumwa na baba yake kwenda kumpikia mikate. Anapokamatwa anakataa kwa maneno ya wazi, anatoa sababu, hata anapendekeza njia nyingine. Amnoni hasikilizi, anamtenda jeuri kwa kuwa ana nguvu kuliko yeye. Kisha anamchukia kwa chuki iliyozidi ule upendo wa kwanza, na anaamuru atolewe nje na mlango ufungwe.

Tunawaachia wanafunzi waijadili wenyewe kwa njia ya TYCS, yaani ona, amua, tenda. Mara nyingi swali la kwanza hutoka kwa wavulana: kwa nini Tamari aliingia chumbani? Swali hilo hatulizimi, maana ndilo wanalolisikia nyumbani na vijiweni. Tunawaomba warudi katika andiko wamtafute aliyemtuma. Wakishaona kwamba alitumwa na baba yake, kwa kazi njema, kwa mtu aliyedhaniwa mgonjwa, mazungumzo hubadilika. Hapo ndipo tunapouliza kama lile lililomkondesha Amnoni lilistahili kuitwa upendo. Wanafunzi wenyewe hutaja mifano ya leo: mpenzi anayedai neno la siri la simu, anayehesabu dakika ulizochelewa kujibu, anayetishia kujidhuru ukimwacha, anayetunza picha ili azitumie kama silaha. Msichana mmoja aliwahi kuongeza Yonadabu kwenye orodha hiyo, akasema kila Amnoni wa shuleni kwao ana Yonadabu wake. Hatukuwa tumelifikiria hilo.

Wapo wazazi wanaosema kwamba kufundisha habari za ridhaa ni kuleta mambo ya kigeni. Kwao tunajibu kwa Sheria ya Kanisa lenyewe. Kanuni ya 1057 inafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wanandoa, na kwamba hakuna mamlaka ya kibinadamu yawezayo kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Kanuni ya 1103 inaitangaza kuwa batili ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa itokayo nje. Yaani baba, ukoo, mahari iliyokwisha kuliwa, hata padre, hawawezi kusema ndiyo mahali pa binti. Kijana anayezoezwa tangu kidato cha kwanza kuheshimu hapana ya mwenzake anaandaliwa kwa ajili ya ndiyo ya altareni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulikwisha kutaka watoto wapewe malezi chanya na ya busara kuhusu jinsia kadiri wanavyokua. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia jambo hilo katika wosia wa Amoris laetitia wa mwaka 2016, aya ya 280 hadi 286. Na katika aya ya 54 aliuita ukatili dhidi ya wanawake tendo la woga, lisilo na uanaume ndani yake. Kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, hilo halibishaniwi. Swali ni nani atasema iwapo wao wamenyamaza.

Sheria za nchi nazo ziko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Kwa Kanuni ya Adhabu, kufanya tendo la ndoa na msichana aliye chini ya miaka 18 asiye mke ni ubakaji, awe amekubali au hakukubali. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu binti aliyejifungua arudi katika shule ya kawaida. Tunayataja haya darasani bila vitisho, kwa kuwa wengi huyasikia mara ya kwanza wakiwa tayari wameketi polisi.

Pamoja na hayo yote, mafundisho hukwama mahali pamoja: nyumbani, jioni, pale familia mbili zinapokutana kuyamaliza. Hutolewa fedha au mbuzi, hutajwa jina la ukoo, na binti huambiwa asiharibu maisha ya kijana wa watu. Absalomu alimwambia dada yake anyamaze. Daudi alikasirika sana, lakini hakumfanya Amnoni lolote. Miaka miwili baadaye Amnoni aliuawa na Absalomu, na baadaye vita ikaingia katika nyumba ya mfalme. Sisi wenyewe tuliwahi kuitwa katika kikao cha namna hiyo, tukafungua na kufunga kwa sala, na ile sala ya kufunga ikawa muhuri wa kunyamazisha. Tangu siku ile hatuketi tena katika vikao vya kupatanisha makosa ya jinai dhidi ya mtoto, na tunawasihi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wafanye vivyo hivyo. Upatanisho wa Kikristo haumwondolei mkosaji hukumu ya haki, na hauwezi kufanywa na watu wengine huku aliyeumizwa akiwa jikoni anachemsha chai ya wageni.

Neno fupi kuhusu wavulana. Katika shule moja tuliyohudumia, mafundisho yalipoanza wavulana waliruhusiwa kwenda kucheza mpira, kana kwamba jambo halikuwahusu. Wazee wa Upareni walikuwa na mshitu, msitu wa jando, ambamo kijana alifundwa kabla ya kuhesabiwa mtu mzima. Hatuna nia ya kuusifia kila kilichotendeka humo, ila nafasi yake leo imejazwa na video za simu. Baba mmoja wa UWAKA akija darasani akaeleza jinsi anavyogombana na mkewe bila kuinua mkono, wavulana humsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi. Walimu nao wanafundisha kwa mkono wao: kanuni za mwaka 2002 zinaweka mpaka wa viboko vinne, kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi. Kinachozidi hapo ni somo jingine kuhusu nguvu.

Anayefikwa na jambo hili aende hospitali mapema, ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifai baada ya hapo. Na asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii hupokea taarifa, na namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure. Mwanafunzi aweza pia kumweleza mwalimu wa ushauri nasaha, katekista au padre. Ila afahamu jambo moja: anayotuambia katika kitubio yamefungwa na siri isiyovunjwa kwa sababu yoyote, nasi hatuwezi kuyapeleka popote. Ndiyo maana mtoto akitueleza pale kwamba ametendewa jeuri, tunamwambia kwamba hakutenda dhambi kwa kutendewa, kisha tunamwomba atukute nje, kwenye benchi la mbele ya ofisi ya parokia, ayaseme tena.