Pilipili na tiba ya maumivu ya viungo

MAUMIVU ya viungo, hasa magoti, huwasumbua watu wengi wenye umri mkubwa. Chanzo chake kikuu ni kulika kwa gegedu, yaani lile tabaka laini linalozuia mifupa isisagane. Gegedu likilika, kiungo huvimba, hukakamaa na kuuma.

Miongoni mwa kemikali za mimea zinazotumika kupunguza maumivu hayo ni kapsaisini, ambayo ndiyo huifanya pilipili iwashe. Mwaka 1997, watafiti wakiongozwa na David Julius wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walibainisha protini inayoipokea kemikali hiyo katika ncha za mishipa ya fahamu. Protini hiyohiyo ndiyo huhisi joto kali. Kazi hiyo ilichangia kumpatia Julius Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

Kapsaisini ikipakwa mara kwa mara, ncha hizo hufifia na kupunguza kupeleka taarifa za maumivu kwenye ubongo. Ndiyo maana siku za mwanzo ngozi huwaka, na nafuu huja baada ya wiki kadhaa.

Dawa ya kupaka inayotengenezwa viwandani kwa kawaida huwa na kapsaisini ya asilimia 0.025 hadi 0.075, nayo hupakwa mara tatu au nne kwa siku. Mwaka 2019, chama cha wataalamu wa magonjwa ya viungo cha Marekani kilisema yaweza kutumika kwa goti, lakini kikashauri isitumike kwa viungo vya mkono, kwa kuwa ni rahisi kuifikisha machoni.

Haifai kusaga pilipili nyumbani na kujipaka, kwani kipimo chake hakijulikani na ngozi yaweza kuungua. Kadhalika, dawa isipakwe penye kidonda, na mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kupaka.

Ikumbukwe kuwa dawa hii hutuliza maumivu tu. Hairudishi gegedu lililolika. Aidha, si tiba ya baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe. Mgonjwa wa aina hiyo akichelewa kupata dawa za hospitali, viungo vyaweza kuharibika moja kwa moja. Hivyo, anayevimba vidole vya mikono yote miwili, au anayekakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, amwone daktari mapema.